Barnard haina sayari, iko na moja, iko na nne: hii mbinu ya nyota kuyumba inaaminika ama wanabahatisha?

#1 Mzito_wa_Kasarani
Wasee habari zenu. Kuna nyota inaitwa Barnard, iko kama miaka nuru 6 kutoka hapa, ukitoa zile tatu za Alpha Centauri hakuna nyota ingine imejulikana ya karibu kuishinda. Mwaka 1963 msee wa Marekani anaitwa Peter van de Kamp akatangaza iko na sayari kubwa kuliko Mshtarii, ati amepima nyota ikiyumba. Vitabu vikachapisha. Miaka kumi baadaye, hakuna sayari. 2018 wakarudi, iko moja, inazunguka kwa siku 233. 2021 wengine wakasema hio pia ni hewa. 2024 ikapatikana ingine ya siku tatu na kitu, alafu Machi 2025 zikawa nne! Nyota ni ile ile moja jameni. Hakuna mtu ameona sayari yenyewe na macho, wanaangalia tu nyota venye inacheza alafu wanapiga hesabu. Mi naona wanabahatisha. Nani ataniambia kwa nini niamini ya sasa kama zote za mbele zilianguka? Na msinitupie linki, nielezeni.

#2 Fundi_Luthuli
Wa kwanza kufika. Naweka kiti hapa.

#3 Jirani_wa_Pipeline
Si ni pesa za utafiti bana. Ukisema hakuna kitu nani atakupea hela ya mwaka ujao? Ukisema kuna sayari kama Dunia unawekwa kwa taarifa ya saa moja.

#4 Mwalimu_wa_Kayole
Habari za jioni wote. Ndugu Mzito, umeweka mbinu mbili kwenye gunia moja. Nianze na kitu wanafunzi wangu wa kidato cha nne hukosa kila mwaka: sayari haizunguki nyota. Sayari na nyota zote mbili zinazunguka kitovu cha uzito wao, na kwa sababu nyota ni nzito sana, kitovu hicho kinakuwa karibu na katikati yake. Dunia inalivuta Jua kiasi kwamba kitovu kiko kama kilomita 450 tu kutoka katikati ya Jua. Mshtarii lenyewe ni pandikizi la sayari, kitovu chake na Jua kiko nje kidogo ya uso wa Jua. Kwa hiyo mtu aliye mbali akiangalia Jua letu ataliona likichora kiduara, na Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kumaliza mzunguko.

Sasa kuna njia mbili za kukamata hicho kiduara. Ya kwanza ni kupima nyota iko wapi angani ukilinganisha na nyota za nyuma yake. Hiyo ndiyo ya van de Kamp. Ya pili ni kupima kama nyota inakuja kwetu au inatuacha, kwa kuangalia rangi zake. Hizo za 2018, 2024 na 2025 zote ni za njia ya pili. Ukisema njia moja ilishindwa 1963, hujaihukumu nyingine.

#5 Mzito_wa_Kasarani
Asante mwalimu. Lakini ya 2018 ilikuwa hio njia ya pili na bado ikaanguka, ama?

#6 Mwalimu_wa_Kayole
Hapo umeniweza. Tutafika.

#7 Boda_wa_Kangemi
Hio ya rangi mi naijua juu imenishika. Ile mashine ya polisi ya kupima spidi, ile ya radar si ya kamera, inatuma mawimbi yanagonga pikipiki yanarudi yamebanwa kidogo kama unakuja na yamevutwa kama unaenda, ndo wanajua ulikuwa themanini kwa barabara ya hamsini. Nyota ni hivyo tu ila huhitaji kutuma kitu juu mwanga inatoa yenyewe. Ikikuja kwetu mwanga unaegemea bluu, ikienda unaegemea nyekundu. Physics ya bypass bana 😂

#8 Fundi_Luthuli
Boda umefundisha kushinda mwalimu. Lakini wanajuaje rangi imesonga na hawajui mwanzo ilikuwa rangi gani?

#9 Mwalimu_wa_Kayole
Swali zuri. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye spektrografu unatawanyika na unakuta mistari myeusi maelfu, kila mstari ni elementi fulani imekula rangi yake, chuma hapa, kalsiamu pale. Tunajua kutoka maabara mstari wa chuma unapaswa kukaa wapi. Mistari yote ikisogea pamoja kushoto, kesho kutwa kulia, tena kushoto, kwa ratiba, basi nyota inakwenda na kurudi.

Ugumu uko kwenye kiasi. Mshtarii linalisukuma Jua mita 12.5 kwa sekunde. Dunia inalisukuma sentimita 9 kwa sekunde, kobe anaipita hiyo. Na mwanga unakwenda mita milioni 300 kwa sekunde. Ukitafuta mwendo wa mita 1, mstari unasogea kwenye kamera karibu sehemu moja ya elfu ya pikseli moja. Ndiyo maana HARPS, kifaa kilichoko La Silla kule Chile tangu 2003, kimefungiwa kwenye tangi lisilo na hewa na joto lake halitakiwi kubadilika hata kwa sehemu ya mia ya digrii.

#10 Jirani_wa_Pipeline
Sehemu ya elfu ya pikseli alafu mnaniambia sio kubahatisha 😂😂

#11 Pima_Viwanja
Jirani cheka lakini hapo kwa kifaa ndo kuna stori. Mimi ni mpima ardhi, na kisa cha van de Kamp kikiniguza ni juu nimeishi ndani yake. Jamaa alikuwa pale Sproul, kituo cha darubini cha chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, anapiga picha za Barnard kwa vioo (ndo ilikuwa filamu ya siku hizo) kuanzia 1938, miaka mingi bila kuchoka. Mtikisiko aliokuwa anasema ameona ulikuwa kama mikroni moja kwenye kioo, sehemu ya elfu ya milimita. Sasa 1973 wawili, Gatewood na Eichhorn, wakachukua vioo vya darubini zingine wakapima nyota hio hio, wakakosa huo mtikisiko. Na mwaka huo huo mwenzake wa pale pale Sproul, John Hershey, akaangalia nyota ingine kabisa iliyopigwa na darubini ile ile, akakuta nayo "imeruka" miaka ile ile. Kumbe 1949 walibadilisha fremu inayoshika lenzi na 1957 wakairekebisha tena. Yaani iliyokuwa inayumba ni darubini!

Sasa kisa changu. Tulikuwa na saiti Kitengela, mashine ikaenda huduma, ikarudi na kile kioo cha kurudisha mwanga kikiwa cha aina tofauti, hakuna mtu alibadilisha ile namba ya kioo ndani ya mashine. Kila umbali ukatoka na kosa la milimita zile zile. Viwanja vyote! Watu wakaanza kugombania bikoni, jirani na jirani hawasalimiani, na ardhi haijasonga hata kidogo. Tulijua vipi? Tulienda tukapima kitu ambacho hakina shida na mtu, nguzo mbili za zamani, nazo zikawa "zimesonga". Hershey alifanya hivyo hivyo. Kwa hivyo swali la kwanza mi huwa nauliza, je na nyota zingine kwa kifaa hicho zimecheza wakati huo?

#12 Mama_Shiro_Umoja
Pima umenifunza. Na huyo mzee alikubali?

#13 Pima_Viwanja
Hakukubali hata siku moja, dada. Aliendelea kutetea sayari zake mpaka akafa, Mei 1995.

#14 Mama_Shiro_Umoja
Pole yake. Na ndio mwaka ile ingine ilipatikana, si ndio?

#15 Nyota_za_Ngong
Ndio mama Shiro, miezi mitano tu baadaye, Oktoba 1995. Mayor na Queloz kutoka Geneva walitangaza 51 Pegasi b, wameipata kwa njia ya rangi kwa darubini ya Haute-Provence kusini mwa Ufaransa. Sayari ina angalau nusu ya uzito wa Mshtarii lakini inazunguka nyota kwa siku 4.2! Nyota ilikuwa inakwenda na kurudi kwa mita 56 hivi kwa sekunde. Wakapata Nobel 2011.

#16 Mwalimu_wa_Kayole
Nobel ilikuwa 2019. Ya 2011 ilikuwa ya upanukaji wa ulimwengu.

#17 Data_na_Chai
Na tukianza kusahihishana, 51 Pegasi si sayari ya kwanza nje ya hapa. Ni ya kwanza kwa nyota ya kawaida kama Jua. 1992 Wolszczan na Frail walikuwa wameshapata mbili zinazunguka pulsa (mabaki ya nyota iliyokufa, inatoa midundo ya redio), PSR B1257+12, na hata hio ni kuyumba tu ila badala ya rangi walihesabu midundo. Pulsa inazunguka kila milisekunde 6.2, midundo inafika mapema kidogo ikiwa upande wa huku na inachelewa ikiwa upande wa kule. Hio mpaka leo imesimama.

#18 Mzito_wa_Kasarani
Sawa, 1995 nakubali. Mita 56 ni nyingi. Lakini hata hio walijuaje si nyota yenyewe inapumua? Nyota ni gesi, inaweza fura na kupungua, uso ukija kwetu na kurudi mtu aseme ni sayari.

#19 Data_na_Chai
Mzito leo umekuja na meno. Hilo pingamizi lilitolewa kweli, 1997, na David Gray, akasema umbo la mistari linabadilika kwa hivyo ni nyota inatetemeka. Mwaka uliofuata alipopata data nzuri zaidi akaliondoa mwenyewe. Lakini kilichonyamazisha wengi ni 1999, nyota HD 209458. Ilikuwa imepatikana kwa kuyumba kwanza, siku 3.5. Hesabu ikasema kama njia ya sayari imelala vizuri basi saa fulani itapita mbele ya nyota. Watu wakaweka darubini, na wakati ule ule nyota ikafifia karibu asilimia 1.5, ikarudi. Kupumua hakufichi mwanga kwa ratiba ya hesabu ya mtu mwingine.

#20 Boda_wa_Kangemi
Hapo kwisha maneno.

#21 Data_na_Chai
Haijakwisha Boda, hio ni sayari kubwa. Kwa ndogo ndo vita iko, na mi nadhani adui mkubwa ni madoa. Nyota inazunguka, upande mmoja unakuja kwetu na upande mwingine unaondoka. Weka doa jeusi upande unaokuja, umepunguza mwanga wa bluu kidogo, wastani unaegemea nyekundu. Doa likivuka upande wa pili wastani unaegemea bluu. Umepata "sayari" ambayo mwaka wake ni sawa na mzunguko wa nyota. Barnard inajizungusha kwa siku 145 hivi. Sasa chukua 145, changanya na mwaka wetu wa siku 365, juu kila mwaka kuna miezi nyota iko nyuma ya Jua huwezi ipima. 1 gawa 145 toa 1 gawa 365, alafu geuza. Unapata kama 240. Ile ya 2018 ilikuwa 233. Mnaona sasa.

#22 Mzito_wa_Kasarani
Weeee. Nimepiga na kalkuleta ya simu, ni 240.6. Kwa hivyo sayari ilikuwa ni doa pamoja na kalenda?

#23 Data_na_Chai
Ndio walivyosema wale wa 2021. Mimi naona wako sawa. Wengine bado wanasema data ilikuwa chache.

#24 Nyota_za_Ngong
Kalenda peke yake pia inaweza, hata bila doa. Alpha Centauri B, 2012, wakasema iko na sayari ya uzito kama wa Dunia, siku 3.2, nusu mita kwa sekunde. Dunia nzima ikaruka juu hio ni jirani kabisa. 2015 Rajpaul na wenzake wakatengeneza data ya uongo kwa kompyuta, nyota haina sayari ndani, alafu wakaipima kwa zile zile siku na saa za usiku ambazo wenzao walikuwa wamepima. Siku 3.2 ikatokea! Yaani ratiba ya kulala na kuamka kwa darubini ndo ilichora sayari. Hio kwangu ndo mbaya kushinda ya madoa na ya lenzi, juu kifaa kiko sawa, nyota iko sawa, na bado unadanganyika.

#25 Pima_Viwanja
Bado nasema lenzi 😁

#26 Mama_Shiro_Umoja
Na uzito je? Mnasema "angalau nusu ya Mshtarii". Kwa nini angalau? Daktari akiniambia mtoto ana angalau kilo nane nitamuuliza mizani yako iko wapi.

#27 Mwalimu_wa_Kayole
Mama, swali lako ndilo lenye kiini. Njia ya rangi inaona tu mwendo wa kuja na kwenda. Kama njia ya sayari imelala ukiitazama kwa ubavu, unaona mwendo wote. Kama unaitazama kutoka juu, nyota inazungushwa kushoto kulia, haiji wala haiendi, na rangi hazisogei hata kidogo. Katikati ya hapo unaona sehemu tu. Kwa hiyo uzito unaoupata ni wa chini kabisa, halisi unaweza kuwa mkubwa zaidi.

Kuna nyota HD 114762. Mwaka 1989 David Latham na wenzake walipata kitu kinachoizunguka, angalau mara 11 ya Mshtarii. Wakawa waangalifu, hawakuiita sayari moja kwa moja. Miaka mingi watu walikuwa wakisema ile ndiyo ilistahili kuitwa ya kwanza. Kisha chombo cha Gaia kilipopima nyota hiyo kwa njia ile nyingine, ya kusogea angani, ikaonekana tunaitazama karibu kutoka juu na kile kitu ni nyota ndogo.

#28 Jirani_wa_Pipeline
Kwa hivyo hizo nne za Barnard zinaweza kuwa nyota nne? 😂

#29 Mwalimu_wa_Kayole
Hapana ndugu yangu. Nyota nne zikibanana kwa mizunguko ya siku mbili hadi saba zingetawanyana zamani. Na ili kitu cha robo ya Dunia kiwe kwa kweli nyota, ungehitaji pembe ya ajabu mno, mara nne mfululizo.

#30 Mswahili_wa_Majengo
Assalam aleikum. Nimesoma kimya kimya. Naona mnasema mambo haya ni ya Chile na Ufaransa, sisi hatuna letu. Je, mnaijua Uhuru? Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco pale baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani pekee. Ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ilirushwa kwetu. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi upande ule, yeye habari yake ilikuwa kwamba siku hizo hukaribii na ngalawa.

#31 Jirani_wa_Pipeline
Mzee ile ilikuwa ya Wamarekani na roketi ikarushwa na Waitaliano. Yetu ilikuwa bahari.

#32 Nyota_za_Ngong
Jirani wacha ubishi, mzee Majengo amegusa kitu bila kujua. Uhuru ilisaidia kuonyesha Cygnus X-1 ni kitu cha ajabu, eksirei zake zinabadilika haraka mno. Watu wakatafuta nyota iko hapo, wakapata kubwa ya bluu, wakapima rangi zake 1971, na nyota inakwenda na kurudi kila siku 5.6, kwa zaidi ya kilomita 70 kwa sekunde! Kitu kinachoivuta hakionekani na ni kizito sana. Shimo jeusi. Ni mbinu hii hii ya kuyumba, si sayari tu. Mbona hakuna mtu anasema hio wanabahatisha?

#33 Mswahili_wa_Majengo
Nimegusa nikijua, kijana. Ahsante.

#34 Fundi_Luthuli
😂😂😂 Mzee amemaliza mtu.

#35 Mzito_wa_Kasarani
Juu ni kilomita 70 Ngong, si sentimita 20. Kitu ikitikisika hivyo hata mimi naamini. Rudini Barnard. Kwa nini hizi nne?

#36 Data_na_Chai
Haya. Ya siku 3.15 ilitoka Oktoba 2024 na ESPRESSO, iko Paranal Chile. Miezi mitano baadaye timu ingine na kifaa kingine, MAROON-X, kwenye darubini ya Gemini Kaskazini kule Hawaii, wakaiona hio hio peke yao, pamoja na mbili zingine ambazo wale wa kwanza walikuwa wamezishuku. Wakaunganisha data za vifaa vyote viwili ndo ikatokea ya nne. Mizunguko ni kama siku 2.3, 3.2, 4.1 na 6.7, uzito wa chini kati ya asilimia 19 na 34 ya Dunia. Nyota inasukumwa kama sentimita 20 mpaka 50 kwa sekunde. Kwa hivyo Pima swali lako la lenzi limejibiwa, lenzi mbili, milima miwili. Ya kalenda imejibiwa nusu, juu Chile na Hawaii zimeachana kama masaa sita, usiku wao haulingani. Ya madoa, siku 3 ziko mbali sana na 145.

#37 Pima_Viwanja
Vifaa viwili vikikubaliana nainua mikono. Kwa tatu za kwanza. Hio ya nne imetoka baada ya kuunganisha, siwezi weka sahihi yangu.

#38 Nyota_za_Ngong
Na mi naona ukiwa na duara nne, kila moja una ukubwa wake, muda wake na mahali inaanzia, hio ni namba nyingi sana za kuchezea. Ukinipa namba 12 nitakuchorea mstari upite popote. Hata kwa wimbi la punje za gesi zinachemka juu ya uso wa nyota.

#39 Data_na_Chai
Wanapima hio pia Ngong. Wanaweka sayari tatu wanauliza data inafaa vipi, wanaweka ya nne, kama haijaboresha ya kutosha inatupwa. Na kila sayari lazima ikae ratiba moja miaka yote, gesi inayochemka haiwezi kukaa ratiba.

#40 Nyota_za_Ngong
"Ya kutosha" nani anaamua?

#41 Boda_wa_Kangemi
Mi swali langu ni lingine kabisa, tunaweza enda?

#42 Mwalimu_wa_Kayole
Voyager 1 inakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kufika Barnard ni zaidi ya miaka 100,000. Na zote nne ziko karibu mno na nyota, ni moto. Hata Proxima b ya mwaka 2016, sayari ya Proxima, moja ya zile nyota tatu za Alpha Centauri, ile ya siku 11.2 ambayo iko kwenye umbali wa maji kuwa maji, ni miaka kama 75,000.

#43 Boda_wa_Kangemi
Basi wacha nibaki Kangemi.

#44 Mama_Shiro_Umoja
Kuna yoyote tunaweza kuona tukiwa hapa Nairobi? Msichana wangu yuko darasa la saba ananisumbua na nyota kila siku stima ikipotea.

#45 Nyota_za_Ngong
Alpha Centauri iko rahisi mama. Mwezi wa tano ama wa sita, saa tatu hivi usiku, angalia kusini, utaona nyota mbili kali karibu na Msalaba wa Kusini, ile iko mbali zaidi na msalaba ndo Alpha. Proxima iko hapo karibu lakini ni hafifu, jicho haliwezi. Disemba na Januari mwonyeshe Epsilon Eridani, miaka nuru 10.5, hio jicho linaiona mkiwa mahali giza. Na kama anapenda kweli mpeleke siku moja kwa wale wa Travelling Telescope wa Susan Murabana, wako na planetari yao, jumba la kuonyesha anga ndani, hapa hapa Nairobi.

#46 Fundi_Luthuli
Mwezi wa tano mvua, wa sita mawingu. Mungu anatuficha hizo nyota.

#47 Mama_Shiro_Umoja
😂 Asanteni. Nitamwambia.

#48 Data_na_Chai
Barnard yenyewe mjue inapita karibu juu ya kichwa hapa Nairobi, kama digrii 6 tu kutoka utosini, inavuka juu usiku wa manane mwisho wa Juni. Jicho haliioni lakini darubini ndogo inatosha. Sasa fikirieni, Chile na Hawaii wako na usiku wao, sisi tuko masaa saba mbele ya Chile. Kifaa kikiwa mlima mmoja wa kaskazini mahali kavu, kungekuwa na mtu anapima wakati wale wote wawili wako mchana. Ile shida ya kalenda ya #24 ingepungua sana. Na ukiwa ikweta unaona nyota za kusini na za kaskazini.

#49 Pima_Viwanja
Lakini hapa ikweta pia tunazungushwa kwa mita 465 kila sekunde, hio lazima uitoe kwanza, na Dunia inazunguka Jua kilomita 30 kwa sekunde, toa hio pia, ubaki na sentimita 20. Mimi sitaki hio kazi.

#50 Mwalimu_wa_Kayole
Hiyo si shida, mwendo wa Dunia unajulikana kwa usahihi mkubwa, kila kituo hufanya hivyo. Shida itakuwa kifaa. Na mawingu, kama alivyosema Fundi.

#51 Jirani_wa_Pipeline
Na nani atalipa? Nilisema mapema ni pesa.

#52 Mzito_wa_Kasarani
Jirani kila kitu kwako ni pesa. Mimi nimetoka nyuma kidogo, naamini tatu, ya nne niko na Pima. Lakini Data hujajibu #40, hio "ya kutosha" nani anaamua na kwa kipimo gani? Na je, ya 2018 haikupita kipimo hicho hicho?

#53 Data_na_Chai
Ilipita. Na ndo sababu hio jibu ni ndefu, niko kwa matatu hapa Donholm na simu iko asilimia 4. Nikifika.